Darasa la maofisa wetu lifike Ziwa Tanganyika

Tanzania ilianza vizuri kuliko Uingereza katika kuyaweka majeshi yake pamoja, lakini Uingereza imetupita katika kumfundisha ofisa wa nchi kavu kazi ya mwenzake wa majini na wa anga. Nayasema haya nikiwa mzaliwa wa Ujiji ninayeishi Swindon, Uingereza, kwa miaka mingi sasa, mwendo mfupi kwa basi kutoka Shrivenham, kilipo chuo cha pamoja cha ukamanda na unadhimu (kazi ya kupanga na kuratibu operesheni) cha majeshi ya nchi hii. Mimi si askari. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na miongoni mwa wazee hao wamo wastaafu wa jeshi ambao hupenda kuzungumza na mtu mwenye nafasi ya kuwasikiliza. Kwa upande wa nyumbani, nimelelewa na baba mdogo aliyelitumikia Jeshi la Wananchi hadi akastaafu, na mengi niliyokuja kuyaelewa huku nilianza kuyasikia kwake.

Waingereza walichelewa mno. Hadi leo kijana anayetaka kuwa ofisa wa nchi kavu huanzia Sandhurst, wa majini Dartmouth na wa anga Cranwell, na hilo lina sababu zake, kwa kuwa ujuzi wa msingi wa kazi hizo unatofautiana sana. Tatizo lilikuwa hatua ya pili, pale ofisa anapofikia umeja na kuandaliwa kuwa mnadhimu. Hapo napo kila jeshi lilikuwa na chuo chake: Camberley cha nchi kavu, Greenwich cha wanamaji na Bracknell cha anga. Mzee mmoja aliyestaafu katika jeshi la majini aliwahi kunionyesha insha aliyoandika Greenwich kuhusu namna ya kuwashusha askari ufukweni. Karatasi zimegeuka rangi, na pembeni kuna masahihisho ya wino mwekundu. Aliniambia kwamba jambo linalomsikitisha hadi leo ni kuwa insha ile iliandikwa na mwanamaji, ikasahihishwa na mwanamaji, na hakuna askari wa miguu aliyewahi kuisoma, ingawa ilimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Gharama ya utengano huo ilionekana katika vita vya Uingereza na Argentina vya kugombea visiwa vya Falklands. Tarehe 8 Juni 1982 meli iitwayo Sir Galahad ilikuwa imetia nanga Fitzroy mchana kweupe, ikiwa imebeba kikosi cha askari wa miguu wa Wales. Ofisa mmoja wa makomando wa majini, aliyeujua vizuri ufuko ule, aliwasihi washuke upesi. Wenzake wa nchi kavu walikuwa wameambiwa kwamba safari yao inaishia Bluff Cove, hivyo wakangoja wapelekwe huko. Ndege za Argentina zikafika wakiwa bado ndani, na kikosi hicho peke yake kikapoteza watu 32. Wote waliobishana siku ile walikuwa maofisa hodari, kila mmoja akifuata alichofundishwa. Mwanamaji aliiona meli isiyo na ulinzi, na askari wa miguu aliwaza juu ya kikosi chake kutawanyika mbali na mahali kilipoamriwa kwenda. Hakukuwa na darasa lililokwisha kuwaketisha pamoja wakati ambapo kubishana hakuui mtu.

Marekani ilikuwa imepata funzo lake miaka miwili kabla, mwaka 1980, pale jaribio la kuwaokoa mateka nchini Iran lilipovunjika jangwani na watu 8 wakafa baada ya helikopta kugongana na ndege ya mizigo. Mwaka 1986 bunge lake lilipitisha sheria ya Goldwater na Nichols, ambayo pamoja na mengine ilifanya utumishi katika nafasi za pamoja kuwa sharti la kupanda hadi ujenerali. Uingereza ilianzisha makao makuu ya pamoja ya operesheni huko Northwood mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaviunganisha vile vyuo vitatu vya unadhimu kuwa kimoja, ambacho kilihamia Shrivenham mwaka 2000. Wahadhiri wake wa taaluma hutoka King's College ya London, nao ni raia. Hilo la raia kumsahihisha luteni kanali nililistaajabia nilipolisikia mara ya kwanza, na leo naona ndiyo nguvu kubwa ya chuo kile, kwa sababu cheo hakisaidii kitu mbele ya swali zuri.

Sasa tutazame nyumbani. JWTZ liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule yaliyoanzia kambi ya Colito jijini Dar es Salaam na kufika Tabora siku iliyofuata. (Makomando wa Uingereza waliokuja kuyazima walishushwa Colito kwa helikopta kutoka meli ya kubeba ndege, operesheni ya pamoja iliyofanyika katika ardhi yetu kabla sisi wenyewe hatujawa na jeshi la majini wala la anga.) Jeshi jipya lilijengwa upya kabisa, na kamandi za nchi kavu, anga na majini zilizokuja kuundwa ndani yake zikawekwa chini ya Mkuu wa Majeshi mmoja. Ofisa mwanafunzi kwa kawaida huanzia chuo cha kijeshi cha Monduli, awe anaelekea kurusha ndege au kuongoza meli. Akiendelea kupanda atapitia Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Duluti, na walio juu zaidi huenda Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako huketi pamoja na watumishi wa wizara na maofisa wa nchi nyingine. Kwa hiyo kile ambacho Waingereza walikitafuta kwa miongo mingi, sisi tumekuwa nacho tangu mwanzo. Naliona hilo kuwa jambo la kujivunia, na huwaeleza wazee wangu hapa bila kusita.

Hata hivyo, kuvaa nembo moja na kuijua kazi ya mwenzako ni mambo mawili tofauti. Jeshi letu kwa idadi na kwa historia ni jeshi la nchi kavu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa zaidi kwa miguu na mizinga, na ushujaa wake ndio tuliolelewa nao. Lakini sehemu kubwa ya mpaka wetu wa magharibi ni maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, linagusa nchi nne, na upande wa pili iko Kongo mashariki, ambako wanajeshi wetu wamekuwa wakitumika na kufa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa tangu 2013. Ofisa anayepangiwa Kigoma anahitaji kujua maji kwa kiwango ambacho ofisa wa Dodoma hahitaji.

Ziwa lenyewe limekwisha kutufundisha. Mwanzoni mwa Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa wakiizingira ngome ya Wajerumani ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Askari wa nchi kavu walikuja upande wa bara, na kamanda wa maboti, Spicer-Simson, alitakiwa kuufunga upande wa ziwa. Aliiona mizinga ya ngome, akaogopa kupoteza maboti yake, akarudi nyuma. Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi, na inaelezwa kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao. Mwaka mmoja kabla, tarehe 11 Julai 1915, Waingereza hao hao walikuwa wameiangamiza manowari ya Königsberg katika mto Rufiji, kwa sababu ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga wa meli mahali makombora yalipoanguka. Rufiji macho ya angani na mizinga ya majini yalifanya kazi moja, na Kasanga kila mtu alilinda mali yake. Waingereza huwapeleka maofisa wao Normandy kutembea juu ya ardhi ya mapigano ya kale wakijadili maamuzi ya waliotangulia. Sisi tunazo Kasanga na Rufiji, na vilevile bandari ya Kigoma, ambako meli ya Liemba iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen.

Wala hatuhitaji kurudi karne iliyopita. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Barabara haikuwepo. Liemba haikuweza kusogea ufukweni, hivyo watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli, wagonjwa na watoto wakiinuliwa mmoja mmoja kwa mikono, kisha wakashushwa Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika na kupandishwa mabasi hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ndugu zangu wa Kibirizi walioiona kazi ile wanajua kwamba aliyeamua mgonjwa yupi atangulie na mtumbwi upi usogee alikuwa anafanya unadhimu, hata kama hakuna aliyemwita mnadhimu. Elimu hiyo imebaki vichwani mwa watu, haijaandikwa kama somo.

Ndiyo maana ningependa kila ofisa wa nchi kavu anayepangiwa Kigoma, na hata wale wa kambi ya Milambo pale Tabora ambao ndio wangekuwa msaada wa karibu wa kuja kwa reli, apitishe muda wa kutosha ndani ya boti za wanamaji wa ziwani, akijifunza upepo, kina na uzito ambao boti huweza kubeba. Ofisa wa majini naye atembee kwa miguu njia za milimani. Wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu waalikwe kufundisha historia hii kwa Kiswahili, na maandishi ya wanafunzi yasiyogusa siri za ulinzi yachapishwe ili na sisi raia tuyasome na kuyajibu. Mipango ya vita ibaki siri, nami sina neno juu ya hilo, lakini namna ya kuokoa watu ziwani si siri ya mtu. Zoezi la kwanza lingeweza kuwa Kagunga yenyewe, na halihitaji kungoja kwa sababu wengi wa nahodha, wauguzi, askari na wenye mitumbwi walioifanya kazi ile bado wapo Kigoma, na wanaweza kuitwa darasani wakaeleza kilichokwama na kilichokwenda.