NIT si kombe la mbuzi

Machi 2013, Kentucky, bingwa mtetezi wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, ilijikuta Moon Township, Pennsylvania, kwenye ukumbi unaochukua watu elfu tatu na ushei. Ilikuwa imeachwa nje ya mashindano makubwa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaangukia NIT, mashindano ya walioachwa. Haikuweza hata kucheza nyumbani, kwa sababu uwanja wake wa Rupp Arena ulikuwa umetengwa kwa mechi za NCAA zile zile ilizozikosa. Basi ikaenda kwa mpinzani, chuo kidogo cha Robert Morris, ikafungwa 59-57, na wanafunzi wakamiminika uwanjani. Mwaka uliofuata Kentucky ilifika fainali ya taifa, na kikosi chake kilijaa vijana wa mwaka wa kwanza ambao usiku ule wa Moon Township walikuwa bado sekondari.

Kwa Kentucky, kipigo kile hakikubomoa kitu na ushindi usingejenga kitu. Kwa Robert Morris ulikuwa usiku wa kusimuliwa. Kila mwaka ifikapo Machi swali hili hurudi: haya mashindano ya walioachwa yana maana yoyote, au ni kombe la mbuzi tu?

Kwa asiyefuatilia: vyuo vya daraja la kwanza vinavyocheza kikapu ni zaidi ya 350, na NCAA huchukua 68. Wanaofuatia hualikwa NIT, yenye timu 32. Chini yake kuna CBI, iliyoanza 2008, na tangu 2025 kuna College Basketball Crown inayochezwa Las Vegas.

NIT haikuzaliwa mdogo. Ilianza 1938, mwaka mmoja kabla ya mashindano ya NCAA, na Madison Square Garden ya New York ndiyo ilikuwa nyumba yake. Mwaka 1950 City College ya New York ilitwaa makombe yote mawili katika msimu mmoja. Mwaka 1970 kocha Al McGuire wa Marquette hakupenda kanda aliyopangiwa na NCAA, akaukataa mwaliko, akaenda NIT na kuishinda. Kilichoishusha ni kukua kwa mwenzake: NCAA ilipanuka hadi timu 32 mwaka 1975, ikafika 64 mwaka 1985, na kila ilipopanuka ilizoa timu ambazo zamani zingekuwa za NIT. Mwaka 2005 NCAA ikainunua NIT yenyewe. Kwa hiyo anayesema NIT haina hadhi kwa kuwa timu bora hazipo, anaeleza jinsi nafasi zilivyogawanywa. Hajasema lolote kuhusu mpira unaochezwa pale.

Wanaoyatetea mashindano haya wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: ni ngazi. Timu changa inapata wiki mbili au tatu zaidi za mazoezi, inaonja mechi za mtoano ambako ukifungwa unarudi nyumbani, na mwakani inarudi imekomaa. Mfano wao mkubwa ni VCU, chuo cha jimbo la Virginia. Mwaka 2010 ilishinda CBI, kombe ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Mwaka 2011, chini ya kocha kijana Shaka Smart, ilianzia mechi za awali za NCAA, ikaiangusha Kansas 71-61 na kufika nusu fainali ya taifa. Wichita State nayo ilishinda NIT 2011, na 2013 ikawa nusu fainali.

Ni hadithi tamu, nami niliiamini kwa miaka mingi. Siku hizi siiamini. Tunawakumbuka VCU kwa sababu walifika mbali. Mabingwa wa CBI ambao mwaka uliofuata hawakufanya lolote ni wengi, ila hakuna anayewataja. Na wapo waliofika mbali bila kupita njia hiyo. Sisi Watanzania tunao mfano wetu: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipoingia UConn, chuo kikuu cha Connecticut, msimu wake wa kwanza uliishia 2007 kwa ushindi 17 na vipigo 14. UConn haikucheza NCAA wala NIT. Miaka miwili baadaye Thabeet alikuwa nguzo ya timu iliyofika nusu fainali ya taifa, na mwaka huo huo wa 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Hakuna CBI iliyomkomaza. Alikomazwa na muda na mazoezi.

Lakini mwaka ulionibadilisha kabisa ni 2024. Timu nne za kwanza kuachwa nje ya NCAA msimu ule zilikuwa Oklahoma, Seton Hall, Indiana State na Pittsburgh. Oklahoma na Pittsburgh zilikataa NIT. Seton Hall na Indiana State zilikubali, zikacheza hadi zikakutana fainali. Ukitaka kupima hoja ya ngazi, sidhani utapata kipimo kizuri kuliko hicho. Msimu uliofuata Oklahoma, iliyokataa, ilirudi NCAA, wakati Pittsburgh ilikosa tena. Seton Hall, bingwa wa NIT, ilishinda mechi 7 na kupoteza 25.

Kuna zaidi. St. John's ya kocha Rick Pitino nayo iliikataa NIT mwaka huo, na Pitino akageukia kusajili. Miongoni mwa aliowapata ni Kadary Richmond, mchezaji nyota wa Seton Hall yenyewe. St. John's ikamaliza msimu wa 2025 na ushindi 31 na vipigo 5, bingwa wa ligi ya Big East. Aliyebaki nyumbani alivuna kutoka kwa aliyekwenda kucheza.

Hapo ndipo wanaokataa wana nguvu, na si haki kuwaita wavivu au wenye kiburi. VCU ya 2010 na ile ya 2011 ilikuwa na vijana wengi wale wale. Leo mchezaji anahama bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka 2024 dirisha la uhamisho lilifunguliwa siku moja tu baada ya timu za NCAA kutangazwa, yaani kabla hata mechi ya kwanza ya NIT haijachezwa. Kocha aliyekubali mwaliko alikuwa anaandaa mechi mchana na kupigia simu wachezaji usiku, huku nusu ya kikosi chake ikiwaza chuo kingine. Ngazi inapandwa na watu, na watu wenyewe wameshaondoka.

Fedha nazo hazijasaidia. NCAA hulipa ligi mamilioni kwa kadiri timu zao zinavyosonga mbele. CBI ni kinyume, chuo ndicho hulipa ada ili kicheze. Crown ilijaribu dawa nyingine: Nebraska ilipotwaa kombe la kwanza 2025 ilipata dola 300,000 kwa ajili ya wachezaji wake, kupitia mikataba ya matumizi ya jina na sura. Ni wazo zuri, maana anayetoka jasho ndiye anayefaidi. Ila mwanafunzi wa kigeni aliye Marekani kwa viza ya masomo anabanwa na masharti ya kufanya kazi, na fedha za mikataba ya aina hiyo humfikia kwa shida. Kijana wa Lubumbashi au Arusha anaweza kucheza dakika zile zile na mwenzake na asiondoke na kitu kile kile.

Pamoja na yote hayo, nasimama upande wa kucheza. Nasimama kwa sababu ya Indiana State, timu ile ile iliyopoteza fainali.

Msimu huo ilimaliza kinara wa ligi ya Missouri Valley. Katikati alikuwepo Robbie Avila, mtu mpana aliyevaa miwani ya michezo, anayepasi kama mlinzi na kurusha pointi tatu akiwa hana haraka. Kisha kwenye fainali ya mashindano ya mwisho ya ligi, ambayo bingwa wake ndiye hupata tiketi ya moja kwa moja ya NCAA, ikafungwa na Drake 84-80, na kwa kipigo kimoja hicho kazi ya miezi minne ikawekwa pembeni. Chuo hiki cha Terre Haute ndicho alichosoma Larry Bird, aliyekifikisha fainali ya taifa 1979, na mji ulikuwa unangoja jambo kama hilo kwa miaka 45. Kilichowabakia ni NIT. Wakaicheza kwa moyo wote. Waliifunga Utah 100-90 kwenye nusu fainali, na kwenye fainali, pale Hinkle Fieldhouse, Indianapolis, majukwaa yalikuwa yao, bluu tupu. Niliitazama usiku wa manane kwa saa zetu na sikusinzia. Walifungwa 79-77.

Haikuwajengea mwakani. Kocha Josh Schertz aliondoka kwenda Saint Louis, Avila akamfuata. Lakini nani alisema mechi lazima ijenge mwakani ndipo iwe na thamani? Kijana wa mwaka wa mwisho ambaye hataenda NBA hana mwakani. Kwake kilichopo ni jezi hii, wenzake hawa, na mama yake pale jukwaani. Tukipima kila mechi kwa faida ya msimu ujao, tunampima kwa kitu ambacho hatakuwepo kukipata.

Ndiyo maana uamuzi wa NCAA wa Oktoba 2023 uliniuma. Kabla yake, timu iliyoongoza ligi yake msimu mzima kisha ikateleza kwenye mashindano ya mwisho ya ligi ilihakikishiwa nafasi NIT. Uhakika huo ukaondolewa, na nafasi zikatengwa kwa timu mbili mbili kutoka ligi sita kubwa. Nafasi ziliwekwa mezani kwa wale hasa waliokuwa na sababu za kuzikataa, na ndani ya miezi sita Oklahoma, Pittsburgh, St. John's na Indiana wakazikataa. Zilinyang'anywa watu ambao wangesafiri kwa basi usiku kucha kuzifuata.

Mwaka 2025 fainali ya NIT ilikuwa Chattanooga na UC Irvine, vyuo viwili ambavyo hakuna mtu wa televisheni angevichagua. Chattanooga walikuwa vinara wa ligi yao waliokosa NCAA. Mechi ilikwenda dakika za nyongeza, ikaisha 85-84, na Chattanooga wakabeba kombe lao.