Mazoezi ya Desemba: Tatizo ni Uvivu au Giza?

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hana sababu ya kulifikiria jambo hilo mpaka ahamie mji kama Glasgow, kule Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, ambako mwishoni mwa Desemba saa moja asubuhi bado ni usiku, jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Hata hizo saa saba za mchana mara nyingi hufunikwa na mawingu na manyunyu. Ndipo yule aliyezoea kukimbia alfajiri ufukweni anapojikuta ameacha mazoezi kabisa, na wenziwe wakaanza kumwita mvivu.

Wanaomlaumu wana hoja. Wanorwe wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa ila mavazi mabaya, na ni kweli kwamba mwili unaokimbia huzalisha joto lake wenyewe, kiasi kwamba taabu kubwa huwa ni kuuvuka mlango. Tena, anayengoja hamu ndipo atoke huenda akangoja hadi Aprili.

Wanaomtetea nao hawasemi ovyo. Hewa baridi na kavu huweza kubana njia za hewa za mwenye pumu; barafu nyembamba isiyoonekana njiani huvunja mikono, na kwa kibarua anayelipwa kwa saa, mkono uliovunjika ni kodi ya nyumba isiyolipika; na mwanamke asiyetaka kukimbia peke yake kwenye bustani yenye giza hapaswi kuombwa maelezo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika hizo zinaweza kupatikana hata sebuleni.

Hapa mimi nawaunga mkono watetezi, lakini nusu tu, kwa sababu wanausahau mwanga. Tangu mwaka 1984, daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake walipoeleza sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa) inayorudi kila majira ya baridi mwanga unapopungua, imekuwa vigumu kuuita uchovu huu uvivu mtupu: kukosa hamu kwenyewe kunaweza kuwa dalili. Taa ya sebuleni kwa kawaida haifikii hata sehemu moja ya kumi ya mwanga wa nje adhuhuri, hata kukiwa na mawingu. Kwa hiyo anayehamishia kila kitu jimu saa kumi na mbili jioni hupata jasho, lakini mwanga haupati. (Tusichanganye jambo hili na vitamini D, ambayo jua la Uingereza haliwezi kuitengeneza ya kutosha mwilini majira hayo; ndiyo maana mamlaka za afya za huko hushauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.)

Ningeshauri basi mambo hayo mawili yatenganishwe: mazoezi ya nguvu yafanyike ndani jioni, na matembezi ya dakika ishirini yafanyike nje saa sita au saa saba mchana, hata kwa koti la mvua. Mgumu zaidi ni mpango wa anayefanya kazi zamu ya usiku. Akiamka saa nane mchana amebakiwa na mwanga usiotimia muda wa saa mbili, na kwake yeye kutembea itabidi kutangulie chakula.