Kanzu ya Ayuba

Wapo wanaosema kwamba picha za sura za watu zilizochorwa Uingereza ni historia ya wenye fedha kujitukuza. Hoja hiyo ina uzito. Tangu mchoraji Van Dyck alipofika London mwaka 1632 na kumchorea Mfalme Charles I, aliyechorwa alikuwa mwenye uwezo wa kulipa, na mchoraji alijua wajibu wake wa kumpendezesha. Mtu mweusi alipotokea, mara nyingi alikuwa mtumishi asiye na jina, kasimama pembeni ya bibi aliyemtumikia.

Hata hivyo, picha moja hunizuia kukubali hoja hiyo yote. William Hoare aliichora mwaka 1733. Inamwonyesha Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu msomi wa Bundu, Senegal ya leo, aliyetekwa akauzwa utumwani Maryland, Marekani ya leo. Kule alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua ikaishia London, na ndiyo iliyomfungulia njia ya kufika Uingereza na kukombolewa.

Alipoombwa achorwe, Ayuba alisita, akihofia picha isije ikaabudiwa. Akakubali. Uso ulipokwisha, Hoare akauliza amvike nini. Nguo za kwetu, akasema Ayuba. Hoare akajibu hawezi kuchora vazi asilowahi kuliona. Basi inakuwaje, Ayuba akamuuliza, baadhi yenu mnamchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Thomas Bluett, aliyesafiri naye, aliyaandika hayo mwaka 1734. Ndiyo maana leo tunamwona Ayuba kwa kanzu nyeupe na kilemba, msahafu ukining'inia shingoni. Vazi alilichagua yeye, na hapo mkono wa mchoraji ulimtii aliyechorwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Wakosoaji wana jibu, nami silipuuzi. Ayuba alitekwa akitoka kuuza watu wawili kwenye Mto Gambia. Picha haina dalili yoyote ya hilo. Usomi wake na ukoo wake ndivyo vilivyomfikisha mbele ya Hoare. Waliovuka naye bahari wakiwa wamefungwa hawakupata nafasi hiyo. Na fedha bado zina sauti: mwaka 2009 picha ilinunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar, kisha ikaazimwa kwa National Portrait Gallery, jumba la picha za sura za watu huko London.

Mimi ningeiacha ukutani, mahali pa heshima. Ila kibao kilicho chini yake kiwataje na wale wawili aliowauza, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la Ayuba.