Mfuko wa Fundi wetu usiishie kwenye ada

Fundi wetu wa Ngamiani, hapa Tanga, tulimzika mwaka jana, na sasa wanawe pamoja na watu aliowafundisha kazi wanataka kuanzisha mfuko wa kumkumbuka, usomeshe wanafunzi wa uhandisi. Mchango wangu nimeshauahidi na nitautoa. Lakini rasimu ya masharti niliyoonyeshwa imeninyima raha, maana inataka mambo mawili tu: ufaulu mzuri wa kidato cha sita na barua ya kudahiliwa chuo kikuu. Kwa masharti hayo, Fundi mwenyewe asingevuka kizingiti.

Hakuwa na cheti hata kimoja. Kazi aliipatia ujanani kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge huko mashambani, majani yanaingia mabichi upande huu na singa, yaani nyuzi, inatoka upande ule, kelele kutwa, na maji ya mkonge yanakula chuma kila siku. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule reli ya kwenda Usambara ilipoanza kujengwa kutokea hapa mjini. Tangu hapo mji huu umekula kwa jasho la mashine. Majina ya wenye mashamba yameandikwa. Ya wale waliokuwa wakizifungua mashine usiku ili asubuhi kazi isisimame, nani ameyaandika? Ndiyo maana mfuko huu naupenda, na ndiyo maana nausemea.

Nilifika karakana yake nikiwa kidato cha pili, baba amenituma na mota ya pampu ya kisima chetu. Nikamwamkia, akaitikia, akaichomeka kwenye umeme ikaanza kunguruma. Kisha akagusisha ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mota, mpini akaubana sikioni. Akanipa na mimi.

"Sikiliza, mwanangu. Inalia au inasaga?"

Nikasema inasaga.

"Basi ni beringi ya mbele hiyo. Ya nyuma tuiache ilivyo."

Likizo zangu zote baada ya siku ile ziliishia pale. Nilianzia kwenye tupa: wiki nzima nasawazisha kipande kimoja cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa. Jioni anaweka rula ya chuma juu yake, anakiinua usawa wa macho kuelekea mlangoni. Mwanga ukipenya chini ya rula, kesho narudia. Hakuwahi kunigombeza, ila hakuwahi pia kuniambia "inatosha" wakati haijatosha. Uhandisi nilikuja kuusomea chuoni, lakini maana ya kitu kunyooka niliijulia kwenye ule mlango.

Nilipokuwa chuo nikapelekwa kiwanda kimoja kwa mafunzo ya vitendo. Wiki nane nilizimalizia ofisini, najaza daftari la kazi ambazo sikuzifanya. Wapo wenzangu waliohitimu bila kufungua hata pampu ya maji, na si kwa uvivu wao, hawakupata wa kuwashika mkono. Pengo hili linajulikana. Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka 3. Na katika fani yetu kuna uwiano unaotajwa kila mara: mhandisi 1, mafundi sanifu 5 wa kumsaidia kitaalamu, mafundi mchundo 25, yaani wale wa kazi ya mikono. Sasa tukusanye fedha kwa jina la mmoja wa wale 25, kisha zote tumpe yule 1?

Mimi napendekeza hivi. Atakayepata ufadhili atumie likizo yake moja ndefu kwenye karakana ya hapa Tanga, si kama mgeni, bali ashike tupa, afagie chini, asikilize beringi. Fundi atakayempokea alipwe na mfuko, maana muda wake ni riziki yake. Nafasi nyingine apewe kijana wa chuo cha ufundi stadi cha VETA anayetaka kupanda hadi stashahada, naye anunuliwe vifaa, kwa sababu wengi wa vijana hao wanakwamia hapo: ufundi wanao, sanduku la zana hawana. Bodi ya wadhamini isajiliwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili, fedha zikiwa bado kidogo na watu wakiwa bado wanapendana.

Wengi tunachanga kwa nia ya sadaka ya jaria, na thawabu yake marehemu anaendelea kuipata kwa kadiri elimu inavyonufaisha watu. Kwa hiyo masharti haya si mambo ya makaratasi tu.

Neno la mwisho ni kwa wanawe, ambao kwangu ni ndugu. Nimesikia mashine ya kukereza imeshapata mnunuzi. Nawaombeni msiiuze kwanza, wala lile jiliwa msilifungue mezani. Kodi ya karakana ya miezi sita inayokuja nitailipa mimi, hadi tukae kikao tukubaliane.