Togwa ya Shangazi

Baba Mdogo ni mlokole haswa. Chupa ya soda ikilia "pshaa" anageuka kuhakikisha ni soda. Kwa hiyo alfajiri ile Shangazi alipotokea kwetu Majengo, Moshi, akiburuta dumu la lita 20, Baba Mdogo hakumsalimia kwanza.

"Dada, hiyo nini?"

"Togwa. Nampelekea kaka yetu Pangani. Masikini, kakaa pwani mpaka kasahau ladha ya ndizi."

"Mpaka Pangani? Si itamwagika!"

"Maji ya Kilimanjaro yanafika Pangani kila siku kwa mto, togwa yangu ishindwe na Noah?"

Safari tuliipanga sisi vijana: tuambae na Milima ya Pare, tupande Usambara, tutembee kwa miguu hadi Irente, halafu tushuke pwani tukaogelee. Dumu likasukumwa chini ya kiti changu, miguu yangu juu yake.

Nilijua si togwa, ni mbege, pombe ya ndizi. Togwa gani inafungwa kwa nailoni tatu na mpira wa tyubu? Mbege, ndizi zikishachemshwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, inaendelea kuchacha popote ilipo, hata ndani ya gari. Wenyewe wanaosafirisha huziba kwa jani la mgomba ili ipumue. Lakini Shangazi alikuwa anaficha harufu, na mimi nani nimuumbue shangazi yangu mbele ya mdogo wake?

Kufika Same, joto la nyika likaingia kila dirisha. Dumu likaanza kuvimba kama chura.

"Shangazi, togwa inaninyanyua magoti."

"Kaa vizuri, mtoto wewe! Tazama milima."

Nikatazama milima. Hedaru ikapita, mashamba ya mkonge yakapita. Mombo tukakata kushoto, tukaanza kuzipanda zile kona za kwenda Lushoto, ambako ni karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu, na ile iliyofungiwa inazidi kudai haki yake. Dumu likaanza kufoka kidogo kidogo pembeni. Baba Mdogo akaongeza sauti ya kwaya.

Soni, wote tumeelekeza shingo kwenye maporomoko, dumu likasema PUUU!

Mfuniko uligonga paa. Mbege ikampata Baba Mdogo kisogoni, ikapita masikioni, ikatua kwenye dashibodi. Povu likajaa hadi kwenye viatu. Baba Mdogo, punje za ulezi zimemganda kwenye miwani, akaegesha gari huku ananguruma, "Ashindwe! Ashindwe!" Shangazi akajibu, "Amina," macho yako nje ya dirisha.

Tukapangusa kwa khanga, tukaondoka. Kona ya mbele, trafiki.

Askari alikaribia dirisha, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo mzee. Umekunywa?"

"Marahaba. Mimi nimeokoka!"

"Naona. Hebu puliza hapa, mzee wangu."

Baba Mdogo akapuliza kipima ulevi kwa hasira ya mtu anayezima moto. Sifuri. Askari akakitikisa, akampa tena. Sifuri. Akamtazama: shati limelowa, nywele zinanata, jicho jekundu.

"Mzee, wewe hujalewa, lililolewa ni gari. Sasa sijui nimwandikie nani."

Akatuachia. Nadhani alikuwa na haraka ya kwenda kuwasimulia wenzake.

Irente ni pazuri, usisikie. Unasimama ukingoni mwa jabali, nyika yote imelala chini yako hadi macho yachoke. Sisi tulipaona kwa kukimbia, maana njia nzima nyuki walikuwa wanamfuata Baba Mdogo. Watoto waliokuwa wanauza matunda njiani wakapunga mikono wakidhani tunafanya mazoezi.

Pangani tulifika jioni. Baba Mdogo hakusalimia mtu, aliingia baharini na nguo zake, akajisugua kwa mchanga.

Baba Mkubwa alilipokea dumu kwa mikono miwili. Akalitikisa: kimya. Akalinusa, akafumba macho muda mrefu kidogo. Kisha akatembea hadi kwenye Noah, akafungua mlango, akainama.

"Hili zulia," akauliza kwa sauti ya chini, "mmeshalikamua?"