Mjusi wa Mawe ya Mwanza ni Ndugu wa Nani?

Katika mawe ya Mwanza na kisiwa cha Saanane, jua likishapanda, mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu hujiinua na kujishusha kama apigaye pushapu. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huu. Nasaba yake, hata hivyo, imewagawa wataalamu.

Wachunguzi wa maumbile walishikilia kwa miongo mingi kwamba kundi lake, lenye vinyonga na iguana, ndilo lililojitenga kwanza na mijusi wengine wote. Hoja yao kubwa ni ulimi. Siafu akipita, mjusi huyu humnasa kwa ulimi wenye ute, kama afanyavyo tuatara wa New Zealand, ambaye ndiye mtambaazi aliye karibu zaidi na mijusi na nyoka (mamba, tukimtazama kwa nasaba, yu karibu zaidi na kuku). Kenge wa ziwani na mjusi kafiri wa ukutani hukamata kwa meno, njia ambayo kwa hoja hiyo ilizuka baadaye. Ulimi kenge huutumia kunusia, na mjusi kafiri hujifutia macho yasiyo na kope.

Vinasaba, tangu miaka ya 2004 na 2005, vimeipindua picha hiyo: mjusi wa mawe yuko upande wa kenge na nyoka, na aliyejitenga mapema ni mjusi kafiri. Wachunguzi wa maumbile, watu wa mifupa, hawakusalimu amri. Mwaka 2012 walipima sifa 610 za maumbile na wakarudi palepale.

Binafsi naelemea kwenye vinasaba, kwa kuwa mifupa hudanganya pale wanyama wasio ndugu wa karibu wanapoishi maisha ya namna moja. Mijusi wachimbaji wa ardhini waliopoteza miguu hufanana na nyoka, na kipimo cha maumbile huwakusanya kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Tena, mwaka 2018, uchunguzi mpya wa kisukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) cha Megachirella, mtambaazi wa kale wa ukoo wa mijusi, kutoka milima ya Italia, chenye umri wa takriban miaka milioni 240, ulikuja na mti wa ukoo ambamo mifupa na vinasaba vilikubaliana kwamba mjusi kafiri ndiye aliyejitenga mapema.

Lakini hoja ya ulimi haijajibiwa yote. Vinasaba vikiwa sahihi, ama kunasa kwa ulimi kulipotea kisha kukarudi kwa mjusi wetu, ama kukamata kwa meno kulizuka zaidi ya mara moja.