"Kusafisha na kukarabati" si maelezo ya kazi

Mkataba ukiandikwa "kusafisha na kukarabati kuta za nje", basi fundi amepewa ruhusa ya kufanya lolote. Anaweza kuja na brashi laini na maji, au na kompresa ya kupuliza mchanga. Kwake vyote ni kusafisha. Ila cha kwanza kinatoa uchafu, cha pili kinatoa ukuta.

Tofali la kuchoma lina ganda gumu lililotokana na moto wa tanuri. Mchanga ukilipiga, ganda huondoka pamoja na masizi yake, ikabaki sehemu ya ndani inayonyonya maji. Siku ya makabidhiano jengo linang'aa na picha zinapigwa. Kumeguka kunakuja baadaye, fundi akiwa ameshalipwa. Tindikali nayo humwagwa kwa mazoea, hata juu ya mawe ya chokaa. Povu linalotoka pale si uchafu, ni jiwe linayeyuka.

Kwa hiyo mkataba utaje kinachoondolewa: vumbi, masizi, kuvu, rangi ya zamani, au chumvi iliyochomoza. (Hiyo chumvi usihangaike kuikwangua kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Itarudi.)

"Kukarabati" ndiko kunakonitia hofu zaidi. Saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida tunayoijua, ilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1824, kwa jina la Mwingereza Joseph Aspdin. Kabla ya hapo majengo mengi yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini na hupitisha unyevu. Ukikwangua chokaa kwenye viungo vya matofali ukajaza saruji, unyevu uliokuwa ukitokea pale unalazimika kupitia kwenye tofali, na tofali ndilo linalooza. Kiraka kiwe dhaifu kuliko kinachozibwa. Mafundi wengi wanafundishwa kinyume chake.

Wala si mafundi wa vichochoroni peke yao. Kule Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki mjini Athene, wajenzi wa kale walifunika vyuma vya kuunganishia mawe kwa madini ya risasi, yasishike kutu. Warekebishaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 wakatia vyuma vitupu. Vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru, na waliowafuata wakalazimika kuving'oa na kuweka vya titani, metali isiyoshika kutu.

Mimi nisingesaini bila kipande cha majaribio: mita moja ya mraba, upande usioonekana, kwa dawa na vifaa vilevile vitakavyotumika. Kikauke kabisa, mwenye jengo akikague mwenyewe, ndipo jukwaa la kupandia mafundi lisimamishwe.